Betri hailipuki bure: Cheche moja kwenye foleni ya mpakani yaweza kukupofusha

Na Mwandishi wa Masuala ya Kikanda

LORI linalotoka bandari ya Mombasa hutembea zaidi ya kilomita 900 kabla ya kufika Malaba. Linalotoka Dar es Salaam kwenda Tunduma hutembea umbali unaokaribia huohuo. Safari yote hiyo betri haina taabu, kwa kuwa injini ikizunguka, oltaneta huirudishia umeme inaoutumia. Taabu huanza lori linaposimama.

Kwenye foleni ya mpakani injini huzimwa ili kuokoa dizeli, lakini maisha ndani ya kebini yanaendelea. Redio inaimba, simu tatu zinachajiwa, taa ya ndani inawaka usiku kucha, na pengine kuna feni au friji ndogo. Foleni ikiwa ya saa chache, hakuna neno. Ikiwa ya siku kadhaa, kama ilivyotokea Malaba na Busia Januari 2022 wakati masharti ya kupima Uviko-19 upande wa Uganda yaliposimamisha malori kwa makumi ya kilomita, betri hufa. Foleni inaposogea, dereva anawasha na lori linajibu "tik, tik" tu. Nyuma yake honi zinapigwa.

Hapo ndipo nyaya za kubusti hutolewa chini ya kiti. Utingo anainama juu ya betri, mwenzake anashika waya wa pili, na kila mtu ana haraka. Katika dakika hiyo moja betri inaweza kupasuka na kurusha vipande vya plastiki na tindikali usoni mwa aliyeinama.

Wengi husema betri "ililipuka yenyewe". Kwa kawaida si hivyo. Mlipuko wa betri ya gari unahitaji vitu viwili vikutane: gesi na cheche. Gesi hutengenezwa na betri. Cheche, mara nyingi, huletwa na sisi. Anayejua namna ya kutenganisha viwili hivyo anaweza kufanya kazi na betri miaka mingi bila kuumia.

Gesi inatoka wapi

Betri ya kawaida ya volti 12 ina vyumba sita. Ndani ya kila chumba mna sahani za risasi zilizozama kwenye mchanganyiko wa maji na asidi ya salfuriki, ile tunayoiita tindikali. Betri iliyojaa na kutulia husoma takriban volti 12.6.

Inapochajiwa, hasa inapokaribia kujaa, umeme wa ziada huyavunja yale maji kuwa gesi mbili: haidrojeni na oksijeni. Ukisikia betri "inachemka", zile povu ni gesi hizo. Kwa betri ya volti 12, hali hiyo huongezeka chaji inapozidi kama volti 14.4.

Haidrojeni ni gesi yenye kiherehere. Ikifika asilimia 4 tu ya hewa iliyopo, cheche ndogo inatosha kuiwasha, na inaendelea kuwa hatari mpaka ifike asilimia 75. Linganisha na gesi ya kupikia, ambayo ikizidi takriban asilimia 10 ya hewa haishiki tena moto. Tena gesi ya kupikia imewekwa harufu ili itushtue na hutambaa chini. Haidrojeni haina harufu wala rangi, na hupanda juu. Boneti ikiwa imefungwa au sanduku la betri likiwa na mfuniko, hukusanyika pale pale juu ya betri.

Yapo mambo yanayoongeza gesi hiyo. La kwanza ni chaji kupita kiasi. Oltaneta iliyo nzima kwa kawaida hutoa kati ya volti 13.8 na 14.4 kwa gari la volti 12, na kati ya 27.6 na 28.8 kwa lori la volti 24. Kidhibiti chake kikiharibika, volti hupanda na betri huchemka safari nzima. Dalili zake ni betri kuwa ya moto, kuvimba ubavuni, kumaliza maji haraka, na wakati mwingine harufu ya mayai yaliyooza.

La pili ni maji kupungua. Maji yakishuka chini ya sahani, nafasi iliyobaki wazi juu hujaa gesi. Sahani zilizokauka nazo huharibika, na kiungo kilicholegea ndani ya betri kinaweza kutoa cheche humo humo wakati wa kupiga stata. Hii ndiyo ile milipuko ambayo dereva huapa kwamba hakugusa kitu. Ni kweli hakugusa. Lakini hakuangalia maji kwa miezi.

La tatu ni vizibo vilivyoziba. Kila betri ina vitundu vya kupumulia. Tope, vumbi la barabara na grisi vikiziba vitundu hivyo, gesi haina pa kutokea.

Hapa liko kosa la jina. Sokoni tunaziita betri zisizoongezwa maji "betri kavu". Si kavu. Ndani yake mna tindikali, nazo hutoa gesi zikichajiwa kupita kiasi. Zinatofautiana na zile nyingine kwa kuwa gesi nyingi hurudi kuwa maji humo ndani, lakini nazo zina tundu la kupumulia na nazo hupasuka.

Cheche inatoka wapi

Ya kwanza ni waya wa kubusti. Kila unapokamilisha mzunguko wa umeme, kibanio cha mwisho kinapogusa chuma, cheche huruka. Ukikiweka kibanio hicho kwenye kichwa cha betri, umeipeleka cheche mlangoni mwa gesi.

Ya pili ni spana. Fundi anafungua kichwa chanya, mkia wa spana unagusa bodi ya gari, na umeme mwingi unapita kwa mkupuo. Ndiyo maana betri hufunguliwa kichwa hasi kwanza, kisha chanya. Wakati wa kurudisha, chanya hutangulia na hasi humalizia. Kichwa hasi kikiwa kimetoka, spana ikigusa bodi hakuna kinachotokea.

Ya tatu ni vichwa vilivyolegea au vilivyojaa kutu nyeupe. Kila unapopiga stata, umeme huruka kwenye ule mwanya. Kugonga kichwa cha betri kwa nyundo au jiwe ili "kishike" si dawa. Unaweza kupasua kiungo cha ndani na kujitengenezea cheche ya kesho.

Ya nne ni moto wa wazi: sigara, kibiriti, mashine ya kuchomelea, na grainda inayokata chuma hatua mbili kutoka kwenye betri. Wapo wanaoangalia kiwango cha maji usiku kwa kuwasha kiberiti cha gesi juu ya tundu. Mtu huyo ameweka moto kwenye mdomo wa gesi na uso wake juu yake. Tumia tochi ya simu, na uiwashe kabla ya kuinama.

Volti 12 na volti 24

Kwenye foleni, msaada hutoka kwa yeyote aliye karibu. Tatizo ni kwamba gari dogo la abiria huwa la volti 12, na malori mengi makubwa ni ya volti 24, yaani betri mbili za volti 12 zilizounganishwa moja baada ya nyingine. Ukiunganisha lori la volti 24 na gari la volti 12, betri ndogo hupokea umeme mara dufu ya uwezo wake. Huchemka papo hapo, na vifaa vya umeme vya gari huungua. Kabla ya kukubali msaada, uliza swali moja: gari lako ni volti ngapi?

Jozi ya betri za lori ina mtego wa pili ambao madereva wengi hawaujui. Redio na chaja nyingi za simu ni za volti 12, na ili kuzitumia kwenye lori la volti 24, baadhi hunyonya umeme kwenye betri moja tu kati ya mbili. Betri hiyo hupungua, mwenzake imejaa. Injini ikiwaka, oltaneta inachaji zote mbili kwa pamoja bila kujua tofauti. Ile iliyojaa tayari hubebeshwa chaji ya ziada, huchemka, hukauka maji, na huwa ndiyo inayopasuka. Dawa ni kifaa cha kushusha volti 24 kuwa 12, ambacho mafundi rewaya wanakifahamu. Kwa sababu hiyo hiyo, betri moja ya jozi ikifa, nunua mbili zinazofanana. Mpya na chakavu hazivuti pamoja.

Kubusti bila kujiumiza

Kwanza angalia betri yenyewe. Ikiwa imevimba, imepasuka, inavuja au ni ya moto, usiibusti. Ikiwa maji yako chini ya sahani, ongeza kidogo yazifunike ndipo uendelee. Fungua boneti au mfuniko wa sanduku na uache hewa ipite dakika chache. Zima injini zote mbili, redio, taa na feni. Magari yasigusane. Kisha fuata utaratibu huu:

1. Waya mwekundu uanzie kwenye kichwa chanya cha betri iliyokufa.

2. Ncha ya pili ya mwekundu iende kwenye kichwa chanya cha betri nzima.

3. Waya mweusi uanzie kwenye kichwa hasi cha betri nzima.

4. Ncha ya mwisho ya mweusi isiwekwe kwenye betri iliyokufa. Ibane kwenye chuma kitupu cha injini au chesisi ya gari lililokufa, mbali na betri kadiri waya unavyofika.

Hatua ya nne ndiyo inayookoa macho. Cheche itaruka tu, lakini itaruka mahali pasipo na gesi.

Kwa lori lenye jozi, kumbuka kuwa vichwa viwili vilivyounganishwa na waya mfupi katikati havihusiki. Unatumia kichwa chanya cha mwisho wa upande mmoja, na chesisi.

Washa gari linalosaidia, liache liungurume dakika chache, kisha jaribu kuwasha lililokufa ukiwa umesimama kando, si umeinama juu ya betri. Likiwaka, ondoa nyaya kwa kurudi nyuma: ya mwisho kuwekwa ndiyo ya kwanza kutolewa. Vibanio visigusane kabla vyote havijatoka.

Na kama unajua foleni itakuwa ndefu, zuia tatizo mapema. Lori lenye swichi kuu ya betri lizimwe nayo wakati wa kulala. Lisilo nayo, punguza vinavyonyonya. Betri ambayo haijafa haihitaji kubustiwa.

"Maji ya betri": jina moja, vitu viwili

Katika maduka ya vipuri ya ukanda huu, jina "maji ya betri" hutumika kwa vitu viwili tofauti. Kimoja ni tindikali, ambayo Kenya wengi huiita asidi, inayotiwa kwenye betri mpya iliyouzwa tupu. Kingine ni maji safi yaliyoondolewa chumvi, yanayoongezwa pale maji yanapopungua. Chupa hufanana, na kwa mfanyabiashara aliyevuka mpaka, lugha ya kwenye lebo huenda si yake.

Kinachopungua kwenye betri inayotumika ni maji, si tindikali. Ukiongeza tindikali, unaikoleza kupita kiasi na kuzila sahani. Ukiongeza maji ya kisima au ya bomba, chumvi zake huharibu betri. Hata maji ya kunywa ya chupa hayafai, kwa kuwa yana madini. Ukinunua, taja kwa urefu: "Nataka maji ya kuongezea, si asidi." Wala usiyahifadhi kwenye chupa ya soda au ya maji ya kunywa. Mtoto au utingo mwenye kiu hawezi kujua.

Usijaze hadi mdomoni. Maji yafunike sahani na kufika kwenye alama. Ukijaza pomoni, betri ikichajiwa hufura na kumwaga tindikali kwenye chuma, nyaya na mzigo.

Betri ya kibandani

Si madereva tu walio hatarini. Kuanzia Goma hadi Mutukula, betri ya gari ndiyo inayowasha taa ya kibanda, kuchaji simu za wateja, na kupokea umeme wa sola. Mara nyingi huwekwa chini ya meza au uvunguni mwa kitanda, mlango ukifungwa usiku. Kwa kuwa haidrojeni hupanda, chumba chenye betri inayochajiwa kinahitaji upenyo wa hewa juu, karibu na dari. Usiichaji kwenye chumba chenye jiko la mkaa, mshumaa au kibatari. Sola iunganishwe kupitia kidhibiti chaji, si moja kwa moja kwenye betri. Ukitumia chaja ya umeme wa ukutani, izime kwenye soketi kabla ya kutoa vibanio, usivichomoe umeme ukiwa unapita.

Ikilipuka

Mlipuko wa betri huisha kwa kufumba na kufumbua. Kinachoendelea kuumiza ni tindikali. Jicho linaweza kupotea ndani ya muda mfupi, na kituo cha afya huenda kiko mbali. Kwa hiyo tiba ya kwanza ni ile iliyo kwenye dumu lako.

Osha jicho kwa maji safi yanayotiririka, kope zikiwa zimefunguliwa kwa vidole, kwa angalau dakika 20, na ikiwezekana 30. Usisubiri kutafuta dawa. Usisugue. Usitie maziwa, mafuta, dawa ya meno wala magadi kwenye jicho. Vua nguo zilizolowa na uoshe ngozi kwa maji mengi. Kisha nenda hospitali hata kama maumivu yamepungua. Aliyemeza tindikali asitapishwe. Asukutue mdomo na akimbizwe kwa daktari.

Tindikali iliyomwagika chini au juu ya chuma unaweza kuipunguza makali kwa magadi soda ya kupikia, kisha suuza kwa maji. Magadi hayo yasiingie ndani ya betri.

Miwani ya kazi, glavu za mpira na dumu la lita 20 la maji ni vitu vya bei nafuu kuliko safari moja ya hospitali. Malori mengi tayari yana dumu. Liwe karibu kabla boneti haijafunguliwa.

Kuvusha betri mpakani

Anayebeba betri kama bidhaa ajue kwamba kimataifa zinahesabiwa kuwa shehena hatarishi ya daraja la 8, yaani vitu vinavyounguza. Betri zenye tindikali ya maji hubeba namba UN 2794, zile zisizomwagika UN 2800, na tindikali ya betri iliyo kwenye madumu UN 2796. Namba hizo zikiwa kwenye hati na kwenye mzigo, wazimamoto na maofisa hujua wanashughulika na nini.

Zipange zikiwa zimesimama, vizibo vimekazwa, vichwa vimefunikwa kwa plastiki ili chuma kisiviunganishe, na zifungwe zisiteleze. Usiweke jembe, nondo wala spana juu yake. Usizipakie pamoja na unga, mchele au nguo, maana tone moja la tindikali hula gunia na kuharibu chakula. Kwenye basi la abiria, betri chini ya kiti ni hatari kwa watu wote waliopanda.

Betri chakavu ina sheria zake. Zaidi ya nusu ya uzito wake ni risasi, ndiyo maana ina soko. Lakini chini ya Mkataba wa Basel wa mwaka 1989 ni taka hatarishi. Haivuki mpaka mpaka nchi inayoipokea itoe ridhaa kwa maandishi. Mkataba wa Bamako wa mwaka 1991 unapiga marufuku kuingiza Afrika taka za aina hiyo kutoka nje ya bara. Utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa mizigo isiyozidi dola 2,000 hauondoi sharti hilo. Kabla ya kununua betri chakavu za kuvusha, uliza mamlaka ya mazingira: NEMC Tanzania, NEMA Kenya au Uganda, REMA Rwanda, OBPE Burundi.

Sababu ya ukali huo tunayo hapa hapa. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha risasi ya betri chakavu kiliacha sumu kwenye damu za wakazi, wakiwamo watoto. Phyllis Omido, aliyeongoza mapambano ya wakazi hao, alipewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015, na Julai 2020 mahakama ya mazingira na ardhi mjini humo iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Mnunuzi anayekwambia umwage kwanza tindikali chini ili mzigo uwe mwepesi anakuachia sumu hiyo hiyo kwenye udongo wa mlangoni pako.

Kwa vyama vya madereva na vya wafanyabiashara wa mipakani, kazi iliyo karibu ni ndogo: kubandika utaratibu wa hatua nne kwenye maegesho ya malori, kwa Kiswahili, mahali ambapo utingo anaweza kuusoma kwa tochi usiku. Mwekundu kwa chanya, mwekundu kwa chanya, mweusi kwa hasi, na mweusi wa mwisho kwenye chuma, mbali na betri.